Sanaa Inayoning'inia: Namna ya Kuibuni na Kuitundika Salama Mahali pa Umma

Ukurasa wa Jifunze: Ujuzi na Kazi za Mikono

Katika majengo ya umma, sakafu na kuta huwa na shughuli nyingi. Sokoni, sakafu ni ya wauzaji na ukuta ni wa mabango. Hospitalini, sakafu ni ya foleni na ukuta ni wa matangazo ya afya. Mahali pasipo na kazi ni juu, kati ya vichwa vya watu na paa. Hapo ndipo sanaa inayoning'inia hupata makao yake: vipande vya bati, mbao au kioo vilivyofungwa kwenye vijiti na nyaya, vikageuka polepole kila hewa inapopita.

Kwa mafundi wa jua kali wa Ndalu, Tabani, Naitiri na Tongaren, hii ni kazi wanayoweza kuifanya. Anayechomelea milango na madirisha, anayekata mabati ya mitaro ya maji na anayetengeneza viti vya shule, wote wana zaidi ya nusu ya ujuzi unaohitajika. Nusu iliyobaki ni hesabu ya mizani na nidhamu ya usalama, kwa sababu kitu kilichotundikwa juu ya umma kina sharti moja lisilojadiliwa: kisianguke. Somo la toleo hili linafuata kazi hiyo hatua kwa hatua, tangu wazo hadi matunzo.

Asili yake kwa ufupi

Aliyeipa sanaa hii umaarufu duniani ni Mmarekani Alexander Calder, aliyezaliwa 1898 na kufariki 1976. Kabla ya kuwa msanii alisomea uhandisi wa mitambo, akahitimu 1919. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akiwa Paris alianza kutengeneza sanamu zenye sehemu zinazosogea, na msanii mwenzake Marcel Duchamp akazipa jina la Kifaransa lenye maana ya kitu kinachotembea. Neno hilo ndilo Kiingereza kinalitumia hadi leo. Kwa kuwa nchini Kenya neno hilo humaanisha simu ya mkononi, ni rahisi zaidi kusema sanamu inayoning'inia.

Kanuni yenyewe haikuanzia Paris. Pwani ya Kenya, wachukuzi wa maji walibeba mzegazega, mti mmoja begani wenye debe kila upande. Debe moja likiwa zito kuliko jingine, mchukuzi husogeza bega kuelekea upande mzito hadi mti utulie. Sanamu inayoning'inia ni mizegazega kadhaa iliyotundikwa mmoja chini ya mwingine. Vivyo hivyo, kutundika vitu juu si jambo geni katika nyumba za magharibi mwa Kenya. Mahindi ya mbegu yaliyofungwa pamoja na kuning'inizwa juu ya meko ili moshi uyalinde dhidi ya fukusi ni picha ambayo wazee wengi wanaikumbuka.

Wakenya waliotangulia

Naomi Wanjiku Gakunga, msanii mzaliwa wa Kenya anayeishi Marekani, hutumia bidhaa ambayo kila duka la vifaa vya ujenzi huuza: mabati. Huyaacha nje yanyeshewe na kupata kutu ya rangi mbalimbali, kisha huyaunganisha kwa waya wa chuma na kuyatundika. Mwaka 2013 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la October Gallery mjini London. Funzo lake kwa fundi wa hapa ni kwamba malighafi ya bei nafuu haizuii kazi kuwa ya hadhi.

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi 1950 na kujulikana zaidi kwa vyungu vyake vya udongo, aliunda kazi inayoitwa Transition II yenye vipande 1,001 vya kioo vinavyoning'inia. Ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoonyeshwa katika jumba la Hepworth Wakefield nchini Uingereza mwaka 2019. Funzo la pili linatoka hapo: ukubwa haupatikani kwa kipande kimoja kizito tu. Vipande vidogo vyepesi vikiwa vingi hujaza ukumbi mzima, na kila waya hubeba mzigo mdogo.

Hatua ya 1: Anza na jengo

Kosa la kawaida ni kuchora kwanza na kutafuta pa kutundika baadaye. Mpangilio sahihi ni kinyume chake. Fundi aanze kwa kujibu maswali manne:

- Ni nini kinachobeba paa? Vibanda vingi vya soko vina fremu za chuma, na vyuma vyembamba vya kupigilia mabati vimelazwa juu yake. Vile vyembamba viliwekwa kubeba mabati na si kubeba mzigo wa kuning'inia. Sanamu itundikwe kwenye fremu kuu, hasa pale vyuma viwili au vitatu vya fremu vinapokutana.
- Je, paa lina nafasi ya mzigo zaidi? Jibu la swali hili hutolewa na mhandisi wa miundo akiwa na michoro ya jengo. Fundi asikisie.
- Nani hupita chini? Sokoni hupita watu waliobeba magunia na mikungu ya ndizi kichwani. Ni busara sehemu ya chini kabisa ya sanamu iwe mita 3 au zaidi kutoka sakafuni, na iwe juu zaidi pale magari yanapoingia kupakua mizigo.
- Hewa inatoka wapi? Ndani ya ukumbi uliofungwa, upepo mdogo wa mlango unatosha kuigeuza sanamu. Katika kibanda kilicho wazi pande zote, upepo ndio adui mkuu, kama itakavyoonekana hapa chini.

Hatua ya 2: Wazo na mfano mdogo

Sanamu ya mahali pa umma inapendeza ikiwa inasema jambo ambalo watu wa mahali hapo wanalitambua. Ndalu ni eneo la wakulima, na majani ya mhindi, maua ya maharagwe, ndege wa mashambani au mkondo wa mto Nzoia ni maumbo ambayo mtoto atayatambua bila kuelezwa. Maumbo machache yanayorudiwa kwa ukubwa tofauti hufanya kazi vizuri kuliko mchanganyiko wa vitu kumi.

Baada ya mchoro, tengeneza mfano mdogo kwa kipimo cha 1 kwa 10: mita moja ya kazi halisi iwe sentimita 10 za mfano. Kadibodi, waya mwembamba na uzi vinatosha. Mfano huu una faida tatu. Unaonyesha kama vipande vitagongana vinapozunguka. Unawapa wakazi kitu cha kutazama na kutoa maoni kabla ya fedha kutumika. Tena unamfundisha fundi mpangilio wa kuunganisha, ambao huanzia chini kwenda juu.

Hatua ya 3: Jua uzito wa kila kitu

Uzito ndio unaoamua kila kitu kinachofuata. Takwimu hizi ni za kuweka ukutani mwa karakana:

- Karatasi ya alumini yenye unene wa milimita 1.5 ina uzito wa karibu kilo 4 kwa mita ya mraba.
- Karatasi ya chuma ya unene huohuo ina karibu kilo 12 kwa mita ya mraba, yaani takribani mara tatu.
- Nondo ya milimita 12 ina karibu kilo 0.89 kwa mita.
- Paipu ya chuma ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 25 na ukuta wa milimita 1.5 ina karibu kilo 0.87 kwa mita.

Linganisha mistari miwili ya mwisho. Nondo na paipu vina uzito karibu sawa, lakini kwa hesabu ya kupinda, paipu hiyo huhimili zaidi ya mara tatu ya kile ambacho nondo ya aina hiyohiyo ya chuma huhimili. Chuma kilicho katikati ya nondo hakisaidii sana kuzuia kupinda, kile cha pembezoni ndicho kinachofanya kazi. Kwa hiyo mikono ya sanamu kubwa hutengenezwa kwa paipu.

Mfano maarufu wa kupunguza uzito uko Washington, katika jengo la mashariki la makumbusho ya taifa ya sanaa ya Marekani. Sanamu ya Calder iliyotundikwa humo 1977, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ina upana wa karibu mita 23. Kama ingetengenezwa kwa chuma kama ilivyofikiriwa mwanzoni, ingekuwa nzito mno kusukumwa na hewa ya ukumbini. Mhandisi na msanii Paul Matisse aliibuni upya kwa paipu na vibao vya alumini vyenye uwazi ndani kama sega la nyuki. Ikaishia na uzito wa karibu kilo 420, na inageuka kwa hewa ya jengo pekee, bila mota.

Hatua ya 4: Hesabu ya mizani

Kanuni ni moja: uzito wa upande mmoja ukizidishwa kwa umbali wake kutoka mahali pa kutundikia, uwe sawa na uzito wa upande wa pili ukizidishwa kwa umbali wake.

Chukua mfano wa sanamu ya ngazi tatu yenye majani manne ya alumini. Ngazi ya chini ina mkono wa sentimita 120. Kushoto kuna jani la kilo 2, kulia jani la kilo 1. Ukisahau uzito wa mkono wenyewe, mahali pa kutundikia ni sentimita 40 kutoka jani zito: 2 mara 40 ni 80, na 1 mara 80 ni 80. Pande zimelingana.

Lakini mkono nao una uzito. Paipu ya sentimita 120 ina karibu kilo 1.04, na uzito huo huhesabiwa kana kwamba wote uko katikati, sentimita 60 kutoka kila ncha. Ukiuingiza, mahali pa kutundikia husogea hadi sentimita 45 kutoka jani zito. Tofauti ni sentimita 5. Anayechomelea pete kwenye alama ya 40 ataona mkono wake umeinama upande mmoja, na itambidi aikate pete na kuanza upya.

Sasa ngazi nzima ya chini, yenye kilo 4.04, inakuwa mzigo mmoja kwenye ncha ya ngazi ya kati. Hesabu inarudiwa:

- Ngazi ya kati: mkono wa sentimita 180, kushoto kilo 4.04, kulia jani la kilo 1.5. Mahali pa kutundikia ni karibu sentimita 58 kutoka kushoto. Jumla ya uzito inafika kilo 7.1.
- Ngazi ya juu: mkono wa sentimita 240, kushoto kilo 7.1, kulia jani la kilo 1.5. Mahali pa kutundikia ni karibu sentimita 57 kutoka kushoto. Jumla ni kilo 10.7.

Ndiyo maana kazi huanzia chini. Ngazi ya juu haiwezi kupimwa kabla ya kujua uzito wa kila kilicho chini yake. Ukibadilisha jani moja dogo la chini, ngazi zote za juu yake hubadilika.

Hesabu humpa fundi mahali pa kuanzia. Uamuzi wa mwisho hutolewa na mizani yenyewe: funga mkono kwa kamba, uinue sentimita chache kutoka sakafuni, usogeze kamba kidogo kidogo hadi utulie, kisha ndipo uchomelee pete. Rangi nayo ina uzito, kwa hiyo pima tena baada ya kupaka.

Hatua ya 5: Usidharau upepo

Hapa ndipo hesabu za wengi huishia njiani. Upepo wa kasi ya kilomita 72 kwa saa, ambao si ajabu kabla ya mvua kubwa ya alasiri, husukuma kibao bapa kilichoukabili kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 24 kwa kila mita ya mraba. Majani manne ya mfano wetu yana eneo la karibu mita 1.5 za mraba. Yakikutwa yote yameukabili upepo huo, yatasukumwa kwa nguvu inayolingana na kilo 36. Sanamu yenyewe haifikii hata kilo 11.

Maana yake ni kwamba aliyechagua waya na bolti kwa kuangalia uzito peke yake amehesabu chini ya theluthi moja ya mzigo. Katika kibanda kilicho wazi, kuna njia nne za kupunguza hatari:

- Tumia vipande vidogo vingi badala ya vibao vikubwa vichache.
- Toboa vipande matundu au vikate kama wavu ili upepo upite.
- Acha kila kipande kiwe huru kuzunguka, ili kigeuzie upepo ukingo wake.
- Acha nafasi ya kutosha kutoka nguzo, taa na nyaya za umeme, ili hata sanamu ikiyumba sana isiguse kitu.

Mahali ambapo upepo ni mkali mno, uamuzi wa busara ni kuipeleka sanamu ndani: ukumbi wa kungojea wa kituo cha afya, maktaba, au darasa la chekechea.

Hatua ya 6: Kuitundika

Desturi ya mafundi wanaotundika vitu juu ya watu ni kutumia vifaa vyenye uwezo wa mara 5 hadi 10 ya mzigo. Waya wa nyuzi za chuma zilizosokotwa, wenye unene wa milimita 4 na ubora unaojulikana, hukatika kwa mzigo unaozidi kilo 700, kwa hiyo kwa mfano wetu waya si tatizo. Udhaifu huwa kwenye viungo. Mnyororo hukatika penye pete dhaifu, na pete dhaifu katika kazi hii kwa kawaida ni mojawapo ya hizi:

*Ndoano iliyo wazi.* Ikiyumba huchomoka. Tumia pete au kiungo kinachofungwa kwa skrubu, kisha ufunge skrubu hiyo kwa waya mwembamba ili isijifungue kwa mtikisiko.

*Vibano vya waya vilivyowekwa kinyume.* Waya unapokunjwa kufanya kitanzi, una upande mrefu unaobeba mzigo na upande mfupi uliobaki. Kile kipande kipana cha kibano hukaa upande mrefu. Kile cha mviringo chenye nati mbili hukaa upande mfupi. Kikigeuzwa, huuponda waya unaobeba mzigo. Weka vibano vitatu, na ndani ya kitanzi weka kikombe cha chuma ili waya usijikunje kupita kiasi.

*Waya unaojisokota.* Sanamu ikizunguka mara nyingi upande mmoja, waya hujipinda hadi nyuzi zake zikatike. Dawa yake ni kiungo kinachozunguka chenye gololi, kiwekwe juu kabisa na kwenye kila ngazi.

*Bolti ya zege.* Bolti ya kupanuka iliyotobolewa kwenye zege la zamani lenye nyufa inaweza kuchomoka kwa kuvutwa chini. Kama hakuna fremu ya chuma, bolti ipite upande hadi upande wa boriti na kubanwa kwa bamba la chuma. Kwenye mbao pia, tumia bolti inayopita, wala si skrubu.

*Alumini kukutana na chuma.* Penye unyevu, metali hizi mbili zikigusana alumini huliwa haraka. Weka wosha ya plastiki au mpira katikati.

Juu ya hayo yote, kila sanamu iwe na waya wa akiba: waya wa pili, uliofungwa mahali tofauti kwenye fremu, usiobeba chochote siku za kawaida. Kiungo kikuu kikikatika, waya huu huidaka sanamu kabla haijawafikia watu. Waya wa akiba uwe mfupi kadiri inavyowezekana, kwa sababu kitu kikianguka mbali kabla ya kudakwa hupiga kwa kishindo kikubwa mara nyingi kuliko uzito wake.

Kabla sanamu haijapandishwa, mahali pa kutundikia pajaribiwe. Kwa kazi ya kilo 11, gunia la mahindi la kilo 50 likiachwa hapo siku nzima, mhandisi akikagua kabla na baada, linatoa jibu linaloeleweka na kila mtu.

Siku ya kutundika

Kazi ifanywe jengo likiwa halina watu. Kwa soko, hiyo ni siku isiyo ya gulio au asubuhi mapema, eneo likiwa limezungushiwa utepe. Mafundi wa juu wasimame kwenye jukwaa imara lenye vizuizi pembeni, wakiwa na mikanda ya usalama iliyofungwa kwenye fremu na wala si kwenye jukwaa. Wote walio chini wavae helmeti. Spana na koleo zifungwe kamba mkononi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inampa mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi wake, pamoja na watu wengine wanaoweza kudhuriwa na kazi hiyo.

Sanamu hupandishwa ngazi ya juu ikitangulia, na zile za chini zikiunganishwa kadiri inavyoinuka. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa amri ya kuvuta na kusimama.

Matunzo: papo kwa papo kamba hukata jiwe

Sanamu inayoning'inia haitulii hata siku moja, na kila mzunguko husugua pete dhidi ya pete. Msemo wa wahenga kuhusu kamba na jiwe ni kweli pia kwa chuma. Kwa hiyo bajeti isiyo na fungu la ukaguzi haijakamilika. Ratiba ifaayo kwa jengo la umma ni hii:

- Kila mwezi, msimamizi wa jengo aitazame kutoka chini: je, imeinama? Imeshuka? Inagusa kitu?
- Kila baada ya miezi sita, fundi apande na kukagua vibano, pete, kiungo cha gololi na kutu.
- Baada ya kila dhoruba kali, ikaguliwe siku hiyohiyo. Ikionekana tatizo, eneo la chini lifungwe hadi litengenezwe.

Kumbukumbu ya kila ukaguzi iandikwe kwenye daftari linalokaa jengoni, pamoja na tarehe na sahihi. Kila sehemu iliyochakaa nusu ibadilishwe bila kungoja. Pete mpya ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na madhara ya pete iliyokatika.

Kaunti iliyopaka rangi yake

Kisa kimoja cha Marekani kinazifaa serikali zote za kaunti. Sanamu ya Calder iitwayo Pittsburgh, ya mwaka 1958, ilitolewa zawadi kwa kaunti ya Allegheny, jimbo la Pennsylvania, na kutundikwa uwanja wa ndege. Ilikuwa nyeusi na nyeupe. Baadaye ilipakwa upya rangi ya kijani na dhahabu, ambazo ni rangi rasmi za kaunti hiyo, na sehemu zake zilizopaswa kuelea huru zikazuiwa. Calder alilalamika bila mafanikio, na kazi ilirudishwa hali yake baada ya kifo chake. Kisa hicho bado hutajwa kila haki za wasanii zinapojadiliwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa msanii haki ya kutambuliwa kuwa mwenye kazi na kupinga isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Ili kuepuka mvutano, mkataba uandikwe kabla ya kazi kuanza na useme wazi mambo matano: nani anamiliki sanamu, nani ana hakimiliki ya mchoro, nani anaruhusiwa kubadilisha rangi au umbo, nani hulipia ukaguzi, na itakuwaje jengo likibomolewa. Jina la msanii liandikwe kwenye kibao kidogo ukutani.

Wakazi wakitaka sanamu, waanzie wapi?

Katiba ya 2010, katika Mpangilio wa Nne, inaziachia kaunti shughuli za kitamaduni, burudani na huduma za umma, masoko, na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo pendekezo la kupamba soko au kituo cha afya linaweza kuwasilishwa kwa kaunti kama mapendekezo mengine yoyote.

Wakati nao ni muhimu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Pendekezo linaloletwa Mei kwa kawaida limechelewa. Wakazi walipeleke kwa maandishi katika ofisi ya msimamizi wa wadi au walitoe katika kikao cha kushirikisha umma, wakiambatanisha picha ya mfano mdogo, uzito unaokadiriwa, na jina la jengo.

Kwa mafundi, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka nafasi hiyo kinapaswa kusajiliwa na kuwa na cheti kabla ya tangazo kutoka. Kikundi chenye fundi wa kuchomelea, mchoraji na mtu wa hesabu kitakuwa na nguvu kuliko kila mmoja akija peke yake.

Ni haki pia mkazi kuuliza kama fedha hizo zisingefaa kutengeneza choo cha soko au kununua dawa. Swali hilo lijibiwe kwa takwimu katika kikao cha umma. Penye soko lisilo na maji, maji yatangulie. Penye jengo jipya ambalo tayari linajengwa, kuomba mhandisi aweke pete nne imara kwenye fremu wakati wa ujenzi hugharimu kidogo sana, na huiacha nafasi wazi kwa siku ambayo wakazi watakuwa tayari.

Zoezi la darasani au nyumbani

Mahitaji: vijiti vitatu vyembamba, uzi, na vifuniko vya chupa. Funga kifuniko kimoja upande mmoja wa kijiti na viwili upande wa pili, kisha tafuta mahali pa kutundikia. Tundika kijiti hicho kwenye ncha ya kijiti cha pili, na hicho kwenye cha tatu. Mtoto anayeweza kukisawazisha kijiti cha tatu ameelewa hesabu ya Hatua ya 4.

Jipime

1. Mkono wa sentimita 100 una kilo 3 kushoto na kilo 2 kulia. Bila kuhesabu uzito wa mkono, mahali pa kutundikia ni wapi?
2. Kwa nini kazi huanza na ngazi ya chini?
3. Waya wa akiba hubeba kilo ngapi siku ya kawaida?
4. Kibao bapa cha nusu mita ya mraba kikikabiliwa na upepo wa kilomita 72 kwa saa, husukumwa kwa nguvu inayolingana na kilo ngapi?

Majibu: 1. Sentimita 40 kutoka kushoto. 2. Kwa sababu ngazi ya juu hubeba jumla ya uzito wa zile za chini. 3. Haubebi chochote. 4. Karibu kilo 12.